Printi Sio Fotokopi, Jamani

Haya, shikamooni wakubwa, na nyie wengine mambo vipi. Najua mlionisikia zamani mnasema huyu karudi na printi yake ya pweza, ndio nimerudi naye, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza kwa nini utoe hela yote hiyo kwa kakaratasi kenye changu mmoja wakati stesheneri wanakutolea kopi kwa bei ya andazi.

Printi ni hivi: mtu kakaa na kisu anachonga picha kwenye lino, kipande laini cha kuchongea, kila mstari mweupe unaouona ni sehemu aliyoitoa, akikosea harudishi, halafu anapaka wino na kugandamiza karatasi moja moja. Ndo maana chini anaandika kwa penseli 7/30, yaani ni ya saba kati ya thelathini, zikiisha zimeisha.

Sasa pweza wangu wa kwenye printi. Mdogo, kiganja hakijai, minyiri yote minane niliihesabu, nikampeleka kwa fundi fremu (simtaji, bado tunasalimiana). Fundi akampaka gundi mgongoni, akambandika kwenye hadibodi, kioo juu, akakaza. Alipendeza kweli! Ikaja masika, na unyevu wa Dar mnaujua, hata chumvi kwenye kopo inalowa, karatasi ikavuta maji ikanata kwenye kioo, kuibandua minyiri mitatu ikabaki kule. Mke wangu anasema si pweza hupigwa kwanza ndo alainike? Nilinuna siku mbili. Kwa hiyo kata kadibodi yenye dirisha katikati, ikae kati ya karatasi na kioo visigusane, karatasi uishikize kwenye ukingo wa juu tu, na gundi ile marufuku. Nimesema marufuku.

Mtu atasema nani atundike samaki sebuleni, wageni wataona njaa. Kwani tembo mliowatundika mmewahi kuwaona? Ila kibua mnayemla kila wiki mnamwonea aibu! Hiroshige, msanii wa kule Japani, miaka ya 1830 alitoa mfululizo mzima wa samaki, printi za kuchonga kwenye mbao, na wavuvi wa huko walikuwa wanampaka samaki mwenyewe wino wanalaza karatasi juu yake, gyotaku wanaita, ndo kumbukumbu ya walichovua. Hiyo hata wewe unaiweza, nenda soko la samaki Feri asubuhi, chukua kibua, mfute ute wote, awe mkavu kabisa, ndo upake.

Nilikuwa na mengi ya jua na bei ila mwenye ukumbi anaangalia saa. Jua, usitundike mkabala na dirisha, rangi inapauka. Bei tuongee nje. Maswali? Isiwe la pweza.