Kadi ya Siriali Haisomi Mizani? Anza na Kipande cha Waya

Karibuni, ndugu zangu. Leo niko ndani ya ghala la mahindi hapa Busia, upande wa Uganda. Mezani kuna kompyuta, sakafuni kuna mizani ya magunia, na kati yake kuna waya wa siriali, yaani wa kupeleka data biti moja baada ya nyingine, unaoingia kwenye kadi iliyoongezwa nyuma ya kompyuta. Tangu jana uzito hautokei kwenye skrini. Karani anaandika kwa mkono na malori yanasubiri nje. Mwenye ghala alikuwa tayari kutuma mtu Kampala kununua kadi nyingine. Nimemwomba asubiri, maana bado hatujajua kama ugonjwa uko ndani ya kompyuta au nje yake.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungua kasha. Gusa chuma chake kabla ya kugusa kadi. Oneni vumbi hili la mahindi! Litoeni kwa brashi laini na blowa. Fungua skrubu, ichomoe kadi, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa, uirudishe mpaka izame yote. Kadi hii fupi ni ya PCI Express x1, aina ya sloti (tundu la kadi kwenye ubao wa kompyuta), nayo inakubali hata sloti ndefu za aina hiyo. Ukiwa na shaka na sloti ya kwanza, jaribu nyingine.

Kabla ya kufunika, angalia kama kadi yako ina vijampa vidogo, yaani vifuniko vya kuunganisha pini mbili, karibu na poti. Kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine za dukani zinaweza kupeleka volti 5 au 12 kwenye pini ya 9. Mizani haihitaji hiyo. Rudisha kijampa kwenye alama ya RI, yaani kazi ya kawaida ya pini hiyo isiyopeleka umeme huo. Tafadhali usilipite hili, unaweza kuumiza kifaa kizima.

Washa. Fungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, tafuta Ports. Ukiona badala yake, chini ya Other devices, alama ya njano na maneno PCI Serial Port, draiva (programu ya kuiendesha kadi) haipo. Bonyeza kulia, ingia Properties, Details, kisha Hardware Ids. VEN ni namba ya mtengenezaji wa chipu: VEN_1C00 ni chipu ya WCH, VEN_9710 ni MosChip. Pakua draiva ya chipu hiyo, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye boksi la kadi halikusaidii sana.

Hapa kwetu draiva ipo, lakini tazameni namba ambayo Windows imeipa poti: COM5. Programu ya mizani imewekwa isome COM3! Kadi ikihamishwa sloti, Windows inaweza kuihesabu kama kadi mpya na kuipa namba nyingine. Kwenye Properties za poti hiyo, ingia Port Settings, kisha Advanced, uirudishe COM3. Ikikuambia namba hiyo inatumika, nenda View, chagua Show hidden devices, ufute ile poti ya zamani iliyofifia.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Chomoa waya wa mizani. Tazama poti ya kadi kwa mbele, safu ya pini tano ikiwa juu: kuanzia kushoto ni 1, 2, 3. Unganisha ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, kisiguse pini nyingine wala chuma cha pembeni. Pini ya 3 inatuma, ya 2 inapokea, kwa hiyo kompyuta itajisikia yenyewe. Fungua PuTTY, programu ya kuandika na kusoma moja kwa moja kwenye poti, chagua Serial, andika COM3, kasi 9600, na Flow control weka None. Andika herufi yoyote. Inatokea! Toa kile kipande cha waya, andika tena. Haitokei. Basi kadi ni nzima, draiva ni nzima, na pesa ya mwenye ghala imebaki mfukoni.

Herufi zingekataa kutokea, ndipo ningeishuku kadi.

Tutoke nje ya kompyuta. Chukua mita, weka volti za DC. Waya wa mizani ukiwa umechomekwa upande wa mizani tu, pima ncha ya upande wa kompyuta: waya mweusi kwenye pini ya 5, mwekundu kwenye ya 2. Tunatarajia volti hasi, kama 5 hadi 12. Hapa naona sifuri. Na kwenye ya 3? Hasi 8. Mizani inatuma kwenye njia ileile ambayo kompyuta nayo inatumia kutuma, kwa hiyo hakuna anayesikiliza. Karani ananiambia waya huu waliubadilisha jana, baada ya ule wa zamani kutafunwa na panya. Tunahitaji waya wa kukatiza, ambao pini ya 2 inakwenda 3 na ya 3 inakwenda 2.

Nimeukata na kuuchomelea upya. Funga PuTTY kwanza, kwa sababu programu mbili haziwezi kushika poti moja. Fungua programu ya mizani. Wekeni gunia… kilo 101.5. Kaza skrubu mbili za poti, na kwenye kasha bandika karatasi: COM3, 9600, waya wa kukatiza.