Umehama Word ukaenda LibreOffice Writer? Njoo nikuonyeshe fomati zilikojificha

Haya jamaa, karibuni tena, leo tunaingia kwenye kitu ambacho watu wengi wananiuliza hapa Kampala tangu waanze kuhama Word. Microsoft waliacha kuzihudumia Office 2016 na 2019 mwezi Oktoba 2025, na laisensi mpya bei yake unaijua, kwa hiyo wenye maduka ya kutaipu, walimu, wanafunzi wa Makerere na Kyambogo wengi wamepakua LibreOffice kwa sababu ni bure kabisa, unapakua, unainstoli, basi. Halafu wanafungua Writer, ile programu yake ya kuandikia, wanaanza kulia, eti "banange, hii kitu haina fomati!" Inazo, sema zimepangwa kwa akili nyingine, na leo nataka uielewe hiyo akili kwa sababu ukiielewa hata menyu hutazikariri.

Fungua Writer tuanze. Kama umezoea zile tabo za Word za juu na hizi menyu za zamani zinakuchanganya, nenda View, halafu User Interface, chagua Tabbed, halafu bonyeza Apply to All. Umeona, sasa inafanana fanana na ulikotoka. Mimi hapa nitabaki na menyu za kawaida kwa sababu ndizo utakazokuta kwenye kompyuta ya mtu yeyote, na ukweli ni kwamba zile tabo hazikusaidii sana, zinakutuliza moyo tu.

Sasa kabla hujataipu chochote, kuna mitego ya kibodi. Vidole vyako vina mazoea ya Word na hapa vitakuponza. Kule ukibonyeza Ctrl na 1 unapata nafasi ndogo ya mistari, Ctrl na 2 nafasi mara mbili. Hapa Ctrl na 1 inageuza paragrafu yako yote kuwa hedingi kubwa, Ctrl na 2 hedingi ndogo yake, na kurudi kwenye maandishi ya kawaida ni Ctrl na sifuri. F12 kule ni kusevu kwa jina lingine, hapa inakuwekea namba za orodha, ukishangaa kwa nini paragrafu imepata "1." mbele basi ujue ndiyo hiyo. Kusevu kwa jina lingine hapa ni Ctrl, Shift na S. Ctrl na D kule ilikuwa inafungua kidirisha cha fonti, hapa inapiga mstari mara mbili chini ya neno. Lakini boldi, italiki, kuweka katikati, kusawazisha pande zote, hizo ni zilezile, Ctrl B, I, E, J, usiwe na wasiwasi.

Ya muhimu zaidi ni Ctrl na M. Kule ilikuwa inasogeza paragrafu ndani, hapa inafuta fomati zote ulizoweka kwa mkono kwenye maandishi uliyochagua, fonti, rangi, saizi, vyote vinaondoka na maandishi yanarudi kwenye staili yake, staili nitaieleza sasa hivi. Ukikopi kitu kutoka kwenye intaneti kikaja na rangi zake za ajabu, chagua, Ctrl M, kwisha. Ila usichague ripoti nzima ukaipiga Ctrl M kwa pupa, kwa sababu italiki nazo zinaondoka, na kama unasomea kilimo umeandika jina la kisayansi kama Coffea canephora mahali kumi na tano, hayo majina yote utarudi kuyalaza upya moja moja.

Sawa, sasa tuje kwenye staili, hapa ndipo penyewe. Bonyeza F11. Umeona upande wa kulia kimefunguka kisanduku kina orodha ya majina, Body Text, Heading 1, Heading 2, na juu yake kuna vialama vidogo vidogo, cha kwanza ni staili za paragrafu, cha pili za herufi, halafu fremu, halafu cha nne ni za ukurasa, tutakirudia hicho. Staili ni kama yunifomu ya shule, hedmasta akibadilisha rangi ya sweta hamfuati mtoto mmoja mmoja nyumbani, anatangaza mara moja na wote wanabadilika. Wengi wetu kule Word tulikuwa tunachagua hedingi, tunaweka boldi, tunaweka 14, tunaenda nyingine tunafanya tena, na Word ilikuwa inatuvumilia. Writer nayo itakuvumilia lakini kila kitu kizuri ilicho nacho kimefungwa kwenye staili, ukizikwepa utateseka.

Basi fanya hivi. Weka kesa, kile kijistari kinachopepesa, kwenye kichwa cha sura ya kwanza, bonyeza Ctrl na 1. Nenda kwenye vichwa vidogo, Ctrl na 2. Maandishi ya kawaida yote yachague uyape Body Text, dabo kliki tu kwenye jina lake hapo pembeni. Sasa ile hedingi haijakupendeza, au msimamizi wako anataka Times New Roman 14 nyeusi. Usiiguse hedingi yenyewe! Nenda pembeni, kliki ya kulia kwenye Heading 1, chagua Edit Style, hapo ndani kuna tabo ya fonti, ya nafasi za juu na chini, ya kusogeza ndani, badilisha unavyotaka, sema OK. Tazama, sura zote zimebadilika kwa mpigo. Nafasi ya mistari ya moja na nusu nayo usiiweke paragrafu kwa paragrafu, ingia Edit Style ya Body Text, tabo ya Indents & Spacing, pale Line Spacing chagua 1.5, imeisha hiyo.

Na kuhusu fonti, ukifungua faili iliyotoka Word ukaona jina ni Calibri lakini sura yake si ileile kabisa, si kwamba imeharibika. Calibri ni mali ya Microsoft, kwa hiyo kompyuta isiyo nayo Writer inaweka Carlito ambayo herufi zake zimekatwa upana uleule ili mistari isihame. Times New Roman mwenzake anaitwa Liberation Serif, Arial ni Liberation Sans. Ndiyo maana ripoti ya kurasa 40 kwa kawaida inabaki kurasa 40 au karibu na hapo.

Haya sasa, namba za kurasa, mada inayoliza watu kuliko zote. Chuo kinataka jalada lisiwe na namba, shukrani na yaliyomo ziwe na namba za Kirumi i, ii, iii, halafu sura ya kwanza ianze na 1. Kule Word ulikuwa unakata dokumenti vipande na kuondoa ile Link to Previous. Huku hakuna vipande vya hivyo, huku ukurasa wenyewe unavaa staili. Shika hilo neno tu na mengine yote yatafuata.

Bonyeza kile kialama cha nne pale F11. Utaona Default Page Style, First Page, Landscape na nyingine. Kliki ya kulia mahali popote hapo, New, tuipe jina, mimi naiita Kurasa za Kirumi. Hapohapo nenda tabo ya Page, tafuta Page numbers, badilisha iwe i, ii, iii. Na ukiwa hapo angalia saizi ya karatasi, kama inasema Letter badilisha iwe A4, maana kompyuta nyingi zinakuja zimesetiwa kama ziko Marekani na hapa kwetu karatasi ni A4. Sema OK.

Sasa weka kesa kwenye jalada, dabo kliki First Page. Kisha nenda kwenye neno Shukrani, weka kesa kabla ya herufi ya kwanza kabisa, halafu menyu ya Insert, More Breaks, Manual Break. Kimekuja kidirisha. Chagua Page break, hapo chini pana kisehemu cha Style chagua Kurasa za Kirumi, tiki Change page number, andika 1, OK. Halafu shuka hadi Sura ya Kwanza, fanya vilevile ila staili chagua Default Page Style, na namba ianze tena 1. Kama zamani ulikuwa umefika hapo kwa kubonyeza enta enta enta mpaka ukurasa ukaruka, tafadhali zifute hizo enta zote, bonyeza Ctrl na F10 uzione zote zilivyojipanga, nyingine zinachekesha.

Namba zenyewe bado hazijaonekana sawa, ndiyo, kwa sababu chini ya ukurasa hakujafunguliwa. Insert, Header and Footer, Footer, na hapo utaona majina ya staili zako, tiki Kurasa za Kirumi na Default Page Style, First Page iache hivyohivyo ndiyo jalada letu. Kliki chini ya ukurasa wa Shukrani, Ctrl E iende katikati, Insert, Field, Page Number. Imetoka i. Fanya hivyo pia kwenye Sura ya Kwanza, imetoka 1. Umeona, hakuna namba tuliyoandika kwa mkono. Ukitaka kuhakikisha uko kwenye staili gani tazama ule ukanda wa chini kabisa wa skrini, jina la staili ya ukurasa limeandikwa pale. Na lile jedwali lako pana linalotaka karatasi ilale, ni njia ileile, break yenye Landscape kabla yake, break nyingine ya kurudi Default baada yake.

Yaliyomo sasa ni mteremko kwa sababu hedingi tulizipa staili. Kesa mahali unapotaka, Insert, Table of Contents and Index, chagua ile ya kwanza, OK. Ukiongeza kitu baadaye kliki ya kulia, Update Index. Sina zaidi hapo.

Walimu wa Kiswahili hii ni yenu. Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe lazima shuleni, notsi za masomo ya Kiswahili zinataipiwa sana, na ukitaipu unaona ukurasa mzima umejaa mistari myekundu kama mwanafunzi aliyefeli. Programu inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Nenda Tools, Language, For All Text, More, na kwenye orodha tafuta Swahili ya Tanzania, hiyo ndiyo yenye kamusi ya kukagua tahajia, tena inakuja na LibreOffice yenyewe. Kama haipo, wakati wa kuinstoli uliiruka, rudi uendeshe insitola tena uchague Custom uitiki. Haijui maneno yote, majina ya watu wetu na ya mahali itayalalamikia, hayo kliki ya kulia uyaongeze kwenye kamusi.

Tumalizie kusevu. Writer inasevu kwa ODT, ambayo ni fomati ya wazi yenye kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na ushauri wangu ni uache faili yako ya kazi iwe ODT kwa sababu staili zote zinakaa salama. Msimamizi akitaka DOCX mtengenezee nakala kwa Ctrl Shift S, uchague aina ya Word. Lakini usifanye kazi ukirukaruka kati ya hizo mbili kila siku, fomati zinachoka, hasa mafremu na picha.

Na ukienda kuprinti Nasser Road au Wandegeya usibebe ODT wala DOCX kwenye flashi, utakuta kompyuta ya pale ina fonti nyingine na kurasa zinaruka ukiwa umesimama kwenye foleni. Beba PDF. Kile kialama cha PDF kwenye upau wa juu, bonyeza mara moja. Kabla ya hapo, kama itabaindiwa, fungua Edit Style ya kila staili ya ukurasa uliyotumia uongeze pambizo ya kushoto, sentimita 3 na nusu hivi au kama mwongozo wa chuo unavyosema, maana uzi na gundi vinakula maandishi. Halafu kuna kakitu kamoja: kwa Writer namba 1 lazima iwe ukurasa wa kulia, kwa hiyo pale tulipoanza namba upya inaweza kujiongezea ukurasa mtupu kimyakimya. Kwenye PDF kwa kawaida haitoki, lakini ukiprinti moja kwa moja kutoka Writer inaweza kutoka na ukalipia karatasi nyeupe. Kuizima ni Tools, Options, LibreOffice Writer, Print, ondoa tiki pale pa kurasa tupu zilizoingizwa zenyewe. Ila kama unaprinti pande mbili za karatasi, iache tiki ilivyo.