Seli Kongwe Husikia Kengele, Haiamki

Mabibi na mabwana, tuanze na jicho. Seli za katikati ya lenzi zilijijenga kabla hujazaliwa, zikatupa viini vyake, na tangu hapo hazitengenezi protini mpya. Ulichozaliwa nacho ndicho utakachozeeka nacho. Humo mna protini iitwayo alfa-kristalini, mlezi anayeshika protini nyingine zinapoanza kukunjuka, zisije zikagandana. Kila inaposhika, akiba hupungua. Ikiisha, protini hushikamana kama ute wa yai uliopata moto, na mtoto wa jicho huanza.

Alfa-kristalini ni ya ukoo wa protini za mshtuko wa joto, walezi ambao seli nyingi huwaongeza zinapopata joto kali. Ukoo huu tuliufikia kwa bahati. Mwitaliano Ferruccio Ritossa alikuta joto la kabati lake la inzi limepandishwa na mtu mwingine maabarani. Akaweka kromosomu chini ya hadubini, akaona zimevimba mahali papya, ishara kwamba jeni za hapo zimewashwa. Alichapisha mwaka 1962. Protini zenyewe zilitambuliwa 1974.

Sasa, ini na misuli si kama lenzi: vinaweza kuzalisha walezi wapya. Ndiyo maana wengi husema mwili wa mzee umepungukiwa tu na protini hizi. Mimi sikubaliani. Katika tishu kadhaa, mnyama mzee akiwa ametulia ana kiasi kilekile, pengine hata zaidi, kwa kuwa uharibifu haumpi likizo. Mtikise ndipo utaona. Seli za ini za panya mzee zikipashwa joto hutoa HSP70, mmoja wa walezi hao, kidogo kuliko za kijana. HSF1, protini inayowasha jeni hizo, bado imo ndani ya seli. Ila haiishiki DNA sawasawa. Kengele imelia, zamu ipo, mlango haufunguliwi.

Misuli ni vivyo hivyo: ya panya kijana ikifanyishwa kazi ngumu huongeza walezi, ya mzee hubaki kimya. Lakini panya waliopewa jeni ya ziada ya HSP70 walizeeka na misuli yenye nguvu zaidi.

Je, ni uchakavu? Mnyoo C. elegans ananitia shaka. Anaishi wiki mbili tatu, lakini mwitikio wake kwa joto huporomoka siku ya kwanza ya utu uzima, anapoanza kuzaa, bado mbichi kabisa. Alama kwenye kromatini, yaani DNA pamoja na protini inazozungushiwa, hufunga jeni za walezi. Ukimwondolea seli mama za uzazi, mwitikio haufungwi.