Rabi Anapoomba Kazi: Kuuliza Bei Bila Nia ya Kununua

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, na kaka yangu Baraka yupo hapa. Tumezoea kwamba padri akihamishwa parokia, askofu ameandika barua, padri kafunga mizigo. Kwa Wayahudi wa Marekani haiendi hivyo. Rabi, kiongozi wao wa dini, anaomba kazi.

BARAKA: Anaomba kabisa, dada? Kama mhasibu?

ZUHURA: Kabisa. Kila sinagogi, yaani nyumba yao ya ibada, linajitawala. Waumini wanalipa ada, wanachagua bodi, na rabi akiondoka bodi inaunda kamati ya kumtafuta mwingine. Vyama vya marabi vipo. Cha Wayahudi wa Reform, mkondo wa mageuzi, kiliundwa mwaka 1889, cha Conservative, mkondo unaoshika zaidi mapokeo, mwaka 1901, na vinasaidia kuwakutanisha waombaji na masinagogi. Lakini neno la mwisho ni la waumini.

BARAKA: Na kamati yenyewe ni kina nani?

ZUHURA: Watu wa kujitolea. Daktari wa meno, mwalimu, mama mstaafu. Wana nia njema, ila wengi hawajawahi kuajiri mtu. Wanasoma barua, wanasikiliza hotuba zilizorekodiwa, wanasaili kwa Zoom. Waliobaki wawili au watatu wanaalikwa Sabato nzima.

BARAKA: Hapo ndipo niliposhtuka nilipokuwa nasoma. Ijumaa jioni anaongoza ibada. Anakula kwa familia moja, anakesha akijibu maswali. Jumamosi asubuhi anahubiri, anafundisha, anakaa na watoto, mchana anakula kwa watu wengine. Kama anashika Sabato, gari hapandi, kwa hiyo analazwa karibu na sinagogi, mara nyingi nyumbani kwa muumini. Hana hata saa moja ya kuvua uso wa usaili. Na mwenzi wake akija naye, anaangaliwa vilevile: anavaaje, atasaidia nini.

ZUHURA: Bila mshahara, kaka. Wakati wao wamepata mfanyakazi mmoja bure.

BARAKA: Halafu anarudi nyumbani, kimya. Wiki mbili, mwezi. Anakuja kusikia kwa rafiki kwamba mwingine ameshasaini mkataba. Mimi hilo linaniuma kwa sababu yamenikuta. Niliitwa usaili mkoani, nikakopa nauli, nikalala gesti. Nimemaliza, mlinzi getini ananiambia kwa huruma kabisa: "Kijana, yule wa nafasi hiyo yupo ndani tangu Januari." Nilitamani angeniambia asubuhi.

ZUHURA: Pole sana. Sasa sikiliza, maana hilo lako limeandikwa kwenye Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi wa kale, wa kama miaka 1,800 iliyopita. Katika sehemu iitwayo Bava Metzia, sura ya 4, wanasema kama ilivyo dhuluma katika kuuza na kununua, ipo pia dhuluma ya maneno. Na mfano wa kwanza wanaoutoa: usimuulize mtu "hiki bei gani?" ikiwa huna nia ya kununua.

BARAKA: Mfano wa kwanza kabisa?

ZUHURA: Wa kwanza. Kwa nini? Kwa sababu muuzaji anaamka, anakunjua kitambaa, roho inapanda. Umempa tumaini ambalo unajua ni hewa. Sasa fikiria kamati ambayo imeshaamua kumpandisha rabi msaidizi wao, na bado inawaita watu wawili kutoka mbali ili mchakato uonekane wa haki. Wanaofanya hivyo wanavunja sheria ambayo rabi huyohuyo atawafundisha watoto wao.

BARAKA: Si aende mahakamani?

ZUHURA: Mlango ni mwembamba. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote tisa, katika kesi ya mwalimu wa shule ya Kilutheri huko Michigan aliyefukuzwa baada ya kuugua: sheria za kupinga ubaguzi kazini haziingii kwenye uamuzi wa taasisi ya dini kuhusu nani awe mhudumu wake. Naelewa sababu, serikali isituchagulie viongozi wa ibada. Lakini maana yake rabi akinyimwa kazi kwa kuwa ni mjamzito, kinga aliyobaki nayo ni utu wa kamati.

BARAKA: Na wanawake wameonja hilo.

ZUHURA: Sally Priesand. Mwaka 1972, Cincinnati, akawa mwanamke wa kwanza kuwekwa wakfu na chuo cha marabi Marekani. Yapo masinagogi yaliyokataa hata kumsaili. Akapata kazi ya rabi msaidizi New York, akatumikia miaka saba. Alipoona hataachiwa kiti cha rabi mkuu, akaondoka 1979. Akatafuta sinagogi la kumwajiri muda wote, hakupata. Akafanya kazi ya nusu muda na kuwahudumia wagonjwa hospitalini, hadi 1981 waumini wa Tinton Falls, New Jersey, walipomchukua.

BARAKA: Wakakaa naye?

ZUHURA: Mpaka alipostaafu, 2006. Miaka 25.

BARAKA: Kumbe aliyekataliwa kote alikuwa wa kukaa. Mimi nawaomba wanakamati jambo moja tu: mkishaamua, pigeni simu. Si barua pepe, simu. Na wote waliokuja wapigiwe, si aliyeshinda peke yake.

ZUHURA: Na wasipige Ijumaa alasiri, kaka.

BARAKA: Kwa nini?

ZUHURA: Jua linakaribia kuzama, Sabato inaingia. Ana sinagogi lake la sasa, bado wanamtegemea. Kesho asubuhi atasimama mbele yao ahubiri. Mpigieni Jumapili.