Ulizieni Homoni Kwanza

Ndugu wahudumu wa afya na waelimishaji rika, asanteni kwa kufika.

Leo nawazungumzia vijana transijenda, wale ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Tukitaka kuwakinga na VVU, tuanzie kwenye jambo linalowashughulisha wao wenyewe, na kwa wengi jambo hilo ni homoni, zile dawa za kuufanya mwili ufanane na jinsia wanayojitambua nayo.

Mnaukumbuka utafiti wa iPrEx wa mwaka 2010, ulioonyesha kwamba vidonge vya PrEP, dawa anayomeza asiye na VVU ili asiambukizwe, hukinga. Baadaye wachambuzi waliangalia peke yake kundi la washiriki 339, wengi wao wanawake transijenda. Waliopewa PrEP walioambukizwa walikuwa 11, na waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 10. Mtu akiishia hapo atasema PrEP haiwafai. Lakini damu za wale 11 zilipopimwa wakati maambukizi yanagunduliwa, hakuna hata mmoja aliyekutwa na dawa mwilini. Vidonge vilikuwa havimezwi! Tena waliokuwa wakitumia homoni ndio waliozidi kuviacha.

Nyuma ya hayo kuna hofu, na ni hofu ya haki: kijana aliyehangaika kupata homoni hatakubali kitu anachodhani kitazipunguzia nguvu. Basi mwambieni wazi, kabla hajauliza, kuwa PrEP haishushi kiwango cha homoni zake. Anayetumia estrojeni, yaani homoni ya kike, mwambieni pia ameze PrEP kila siku. Ule utaratibu wa kumeza kabla na baada ya tendo tu, Shirika la Afya Duniani halimpendekezei yeye.

Kwa asiyeweza kidonge cha kila siku sasa kuna lenacapavir, sindano ya kila miezi sita. Katika utafiti wa PURPOSE 2, uliowahusisha pia watu transijenda, waliopata maambukizi ni 2 kati ya zaidi ya 2,000 waliochomwa. Shirika hilo liliipendekeza Julai 2025. Nimefurahi mno kuliona hilo, ila sindano nayo hutolewa kituoni, na kituoni ndiko tunakowapoteza.

Msichana amekaa kwenye benchi, kavaa gauni. Muuguzi anatoka na faili, anaita kwa sauti jina la kiume. Benchi zima linageuka. Msichana anatazama sakafu, anasubiri jina la mwingine liitwe, kisha anaondoka. Hata kupimwa hajapimwa. Iteni kwa namba, jamani, au mwulizeni mapema angependa aitwe nani. Hilo halihitaji bajeti.

Wanaojichoma homoni za mitaani wapeni sindano safi, bila kuwahoji kama polisi. Aliyekutwa na VVU aanze ARV mara moja; dolutegravir, mojawapo ya ARV hizo, haigongani na homoni, na virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Na anayekuja baada ya kubakwa au kondomu kupasuka, PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya hatari kutokea, ianze ndani ya saa 72, imezwe siku 28. Huyo asipangwe foleni.

Karibuni kwa maswali.