Uffa Fox: Mashua Inayopanda Juu ya Maji

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Naanza na hesabu. Mwaka 1928, mtu mmoja wa Cowes, katika Isle of Wight kusini mwa Uingereza, aliingia mashindanoni mara 57 na mashua ya futi 14 aliyoichora mwenyewe. Mara 52 alitoka wa kwanza, mara mbili wa pili, mara tatu wa tatu. Chini ya hapo hakushuka. Mashua iliitwa Avenger, na mtu huyo ni Uffa Fox.

Ilikuwaje? Niruhusuni nikae hapa kidogo. Chombo cha kawaida hulima maji. Kinajiinulia wimbi omoni, yaani mbele, na jingine tezini, yaani nyuma, na kadiri kinavyokaza mwendo ndivyo kinavyodidimia katikati ya mawimbi yake. Ongeza tanga, kitazidi kudidimia. Avenger alichongwa kama herufi V huku omoni, kisha tumbo likalala kidogo kidogo hadi tezini likawa karibu bapa. Upepo ukishika, mashua inanyanyuka, inapanda wimbi lake na kuteleza. Fox alikuwa mwanagenzi katika karakana ya S. E. Saunders, palepale Cowes, palipoundwa boti za injini za mwendo kasi na ndege za majini, vyombo vinavyoishi kwa kunyanyuka. Alichokiona kwenye injini akakipeleka kwenye tanga.

Umbo peke yake halitoshi, lakini. Mashua ya namna hiyo ikilala ubavu, mbio zimekwisha. Kinachoisimamisha ni miili ya mabaharia. Yeyote humu aliyewahi kutumwa kukaa goshini, ule upande unakotoka upepo, upepo ukikaza analijua hilo kwa mgongo wake. Fox alilifikisha mbali: mwaka 1933 yeye na Roger De Quincey walikwenda Marekani na mitumbwi ya matanga yenye ubao wa kusogezwa, baharia akakaa kwenye ncha yake, nje kabisa ya chombo. Wakarudi na kombe la New York Canoe Club.

Mimi naamini mchoraji asiyelowa hawezi kuchora hivyo. Fox alimchukua Avenger, mashua ya wazi, wakavuka bahari watu watatu hadi Le Havre, Ufaransa, wakashindana kule, kisha wakarudi kwa tanga lile lile. Karakana yake moja ilikuwa pantoni kuukuu, ya zile zinazovutwa kwa minyororo.

Kazi zake za baada ya vita nazipita haraka. Firefly, ya futi 12, ilitumika kwenye Olimpiki ya 1948, na kijana wa Denmark, Paul Elvstrøm, akachukua dhahabu yake ya kwanza kati ya nne. Flying Fifteen ya 1947 ilionyesha kwamba hata mashua yenye mkuku mzito, ule uti wa chini ya chombo, inaweza kuteleza.

Nimeacha kwa makusudi kazi ninayoipenda kuliko zote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wengi walianguka baharini wakafia kwenye vihori vya mpira, upepo ukiwasukuma unakotaka wenyewe. Fox alichora mashua ya mbao ya kubebwa chini ya tumbo la ndege na kudondoshwa kwa miavuli. Ilikuwa na injini, chakula, nguo kavu, na tanga. Mei 1943, ndege aina ya Hudson iliwadondoshea moja wanahewa walioanguka Bahari ya Kaskazini, wakaokoka.

Tazameni alivyowafikiria. Wale walikuwa watu wa angani. Wengi wao hawakuwahi kushika usukani wa mashua maishani. Basi ndani ya kila mashua Fox aliweka maelezo ya kuwafundisha kupandisha tanga na kuongoza chombo, wajifunze ubaharia pale pale, wakiwa wamelowa na baridi, njiani kurudi nyumbani.