Yoga, presha na mkeka wa ukili

[Kikombe kinawekwa mezani. Kwa mbali, honi ya daladala.]

OTHMAN: Assalamu alaykum wasikilizaji, karibuni tena barazani. Mie Othman, na leo hata mada sijaitaja mwenzangu keshanifunga mkono kama anataka kunitoa damu.

RAHMA: Waalaykumu salaam. Nakupima presha tu. Nyamaza, mashine haitaki maneno.

[Mashine inanguruma, kisha inalia.]

RAHMA: 148 kwa 92. Iandike hapo pembeni.

OTHMAN: Ehe, ndiyo nzuri au mbaya?

RAHMA: Tutairudia mwisho wa kipindi. Haya, waambie watu kilichotuleta.

OTHMAN: Kilichotuleta ni mgongo wangu. Wanaonijua wanajua kazi yangu, nachukua wageni uwanja wa ndege, leo Nungwi, kesho Paje, keshokutwa Michamvi. Kutwa nimekaa kwenye usukani. Sasa kuna siku nimepeleka wageni hoteli moja kule Jambiani, nikashuka garini nimejipinda kama ndoana. Mwalimu wao wa yoga akanihurumia, akaniambia njoo ujaribu, bure. Kwa wageni wake ilikuwa dola 15 kwa kichwa.

RAHMA: Ukaenda na suruali yako ya jinzi.

OTHMAN: Na jinzi yangu, Dada Rahma! Tukainama, tukanyanyuka, tukawa paka, tukawa ng'ombe. Mwisho yule mama, Mjerumani, anasema kwa Kiswahili chake, "Sasa lala kama maiti." Mie huku nimefumba macho, nikapiga shahada kimoyomoyo.

RAHMA: [Anacheka.] Huo mlalo ndivyo unavyoitwa hata huko India yoga ilikotoka. Shavasana, mkao wa maiti. Unalala chali, viungo vyote umeviachia, unavuta pumzi taratibu.

OTHMAN: Basi mie nikalala kweli, nikakoroma. Lakini nilipoinuka mgongo ulikuwa umelegea. Ndipo nikaja kwako, wewe muuguzi, umekaa miaka na wagonjwa wa presha na sukari. Nikakuuliza, hii kitu ni dawa au ni mchezo wa watalii?

RAHMA: Na mie nikakwambia tulizungumze mbele ya watu, maana wewe ukiambiwa peke yako husikii. Tuanze na huo mgongo, kwa sababu ndipo yoga ilipopimwa vizuri zaidi. Kule Boston, mwaka 2017, walitoa majibu ya watu 320 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wengi wao watu wa kipato cha chini. Baadhi wakafundishwa yoga wiki 12, baadhi wakapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Yoga haikushindwa. Na mwaka huohuo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kikawaambia madaktari wake kwamba mgongo uliokaa muda mrefu usianze kutibiwa kwa vidonge, uanze kwa mazoezi, na yoga wakaitaja humo.

OTHMAN: Si unaona? Dawa!

RAHMA: Subiri, pupa yako hiyo. Nyuma ya hapo, 2011, kule Seattle walichukua watu 228. Kundi moja yoga, jingine mazoezi ya kawaida ya kunyoosha viungo, la tatu wakapewa kitabu tu wakajisomee nyumbani. Yoga ikamshinda wa kitabu. Lakini yule wa kunyoosha viungo naye akafika palepale pa yoga.

OTHMAN: Aaa. Kwa hiyo hakuna siri.

RAHMA: Mie nasoma hivyo. Mwili uliokaa umetikiswa, misuli ya tumbo na mgongo imepata kazi, na mtu amefuata ratiba wiki 12 bila kukata. Sasa wewe ukienda siku moja ukakoroma, umepata usingizi mzuri, basi.

OTHMAN: Haya, nimekubali. Lakini kuna kitu kinanishangaza. Wahindi tumekaa nao Mji Mkongwe vizazi na vizazi. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Kutch na Gujarat, yakatuletea sambusa, chapati, biriani, mpaka milango ile ya njumu ina mkono wao. Iweje yoga isishuke bandarini na hayo mengine? Imekuja juzi kwa ndege, imeshikwa na Mjerumani, imeingia Paje na Jambiani, na inauzwa kwa dola.

RAHMA: Sambusa inauzika, ndugu yangu, kupumua nani atanunua? [Wanacheka.] Halafu kwa wengi wao ilikuwa jambo la ndani, la ibada. Hii ya mikao mingi mfululizo darasani ni ya karne iliyopita zaidi, walimu wa India kama Krishnamacharya na mwanafunzi wake Iyengar ndio walioipa sura hii, na huyo Iyengar akaipeleka Ulaya. Umoja wa Mataifa wameipa siku yake, tarehe 21 Juni, tangu 2015.

OTHMAN: Umesema ibada, basi tuliguse hapohapo. Kwenye grupu letu la mtaani nilipotaja yoga, mzee mmoja akaniandikia, "Kijana, usije ukaabudu jua bila kujua."

RAHMA: Mzee hakuropoka. Mie si sheikh, la dini kila mtu amuulize anayemwamini. Ila waliokwisha kuulizwa wapo. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliikataa yoga yenye ibada na maneno ya Kihindu. Indonesia mwaka uliofuata baraza la maulamaa wao likasema vivyo hivyo kwa ile yenye nyimbo za ibada, likaacha ile ya mazoezi matupu. Na Saudi Arabia mwaka 2017 wakaruhusu ifundishwe kama mchezo.

OTHMAN: Saudia?

RAHMA: Saudia. Kwa hiyo mstari wenyewe unaonekana uko wapi. Nyoosha kiuno chako, pumua, na mwalimu akikuletea maneno usiyoyajua maana, wewe nyamaza. Kuna mfululizo mmoja unaitwa salamu kwa jua, usioutaka uruke, mgongo wako hautakosa kitu.

OTHMAN: Wengine wananiambia mbona rukuu na sijda ni yoga tosha.

RAHMA: Hilo silipendi. Sala ni sala. Mtu haendi kusali ili anyooshe nyonga. Ukianza kuipima sala kwa faida za misuli, kesho utasema umeshaenda jimu.

OTHMAN: Umenifunga mdomo. Haya, presha, maana ndiyo inayomaliza watu wetu.

RAHMA: Hapa ndipo ninapotaka watu wasogee. Tafiti zikijumlishwa, yoga inashusha presha, lakini kidogo. Namba ile ya juu inashuka pointi 4, 5 hivi. Sasa piga hesabu. Mtu ana 142, akishuka 5 kafika 137, ameshuka chini ya ule mpaka wa 140 ambapo presha huhesabiwa iko juu, amefanya la maana. Mtu ana 175, akishuka 5 ana 170. Huyo bado kiharusi kinamgojea mlangoni.

OTHMAN: Na huyo ndiye anayetupa vidonge.

RAHMA: Ndiye. Nina shangazi yangu wa Pemba, jina silitaji, atanijua mwenyewe. Binti yake kamtumia video, mtu kakunja miguu anasema pumua hivi siku 21 presha inakwisha. Shangazi kapumua. Na kweli kichwa kikawa chepesi, akalala usingizi. Vidonge akavitia kabatini. Wiki ya tatu macho yanaona ukungu, tunampima, 190 na kitu. Presha haiumi, Othman. Kichwa kuwa chepesi si kipimo. Kipimo ni hiki kilichokubana mkono.

OTHMAN: Sasa hivi vipi?

RAHMA: Mzima alhamdulillahi. Amerudi kwenye vidonge, na kupumua hajaacha. Ila ng'onda na papa mkavu ndiyo vita ambavyo bado hatujashinda. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Kipande kimoja cha papa wa shangazi kinatosha siku mbili.

OTHMAN: Lakini kupumua tu kunashushaje presha? Mie napumua tangu nizaliwe.

RAHMA: Unapumua kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Sasa ipunguze ifike 6. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na pale karibu na moyo kuna kama vilinzi, vinasikia damu inavyosukuma. Damu ikisukuma sana vinapeleka habari kwenye ubongo, ubongo unauambia moyo taratibu, unaiambia mishipa tanuka. Ukipumua polepole, mawasiliano hayo yanafanya kazi vizuri zaidi. Na ule mfumo wa mwili wa kutulia, ule unaokufanya usinzie baada ya kula, nao unapata nafasi.

OTHMAN: Kwa hiyo si lazima nijikunje.

RAHMA: Hapana. Na kuna kitu kizuri hapa. Mwaka 2001 watafiti, wengi wao Wataliano, waliwapima watu 23 wazima, wakisoma rozari ya Kikatoliki kwa Kilatini, na wakisoma mantra ya yoga, yale maneno ya kurudiarudia. Vyote viwili viliwateremsha mpaka pumzi 6 hivi kwa dakika, na moyo ukafuata.

OTHMAN: Hebu! Bibi yangu na tasbihi yake baada ya alfajiri je?

RAHMA: Uradi hawakuupima wao, na mie sitaki kuutilia maneno ya maabara. Lakini bibi yako alikuwa na haraka?

OTHMAN: Bibi? Ungemwita mara tatu kabla hajageuza shingo.

RAHMA: Haya.

[Kimya kidogo. Wanacheka.]

OTHMAN: Sukari na pumu tuzipitie, maana watu wameuliza.

RAHMA: Sukari, yoga pamoja na dawa inasaidia kidogo kuishusha, kama mazoezi mengine. Anayejidunga insulini asifanye na njaa, asije akazimia kwenye mkeka. Pumu, tafiti 15 zenye watu 1,048 ziliwekwa pamoja mwaka 2016, wakaona nafuu ndogo kwenye dalili na maisha ya kila siku. Nafuu ndogo, mama, dawa ya kuvuta ibaki mkobani. Anayekwambia yoga inatibu saratani, mfutie namba. Inaweza kumpunguzia mgonjwa uchovu na wasiwasi, uvimbe haiuondoi.

OTHMAN: Na nani asifanye kabisa?

RAHMA: Kuna mambo ya kukwepa zaidi kuliko watu wa kukwepa. Mwenye presha ya macho asisimame kwa kichwa, presha ya jicho inapanda mtu akiwa kichwa chini. Presha ya damu iliyo juu nayo vivyo hivyo. Bibi ambaye mifupa imelika asijiinamishe kwa nguvu mpaka kichwa kiguse magoti. Mjamzito miezi ya mwisho asilale chali muda mrefu, na amwambie mkunga wake. Na mgongo wa kufa ganzi miguu, au mkojo hauzuiliki, au homa, huo usiende yoga. Huo hospitali, leo, si kesho.

OTHMAN: Kwa mama aliyeko Michenzani au Wete, hana dola 15, hana suruali ya kubana wala haitaki, aanzeje?

RAHMA: Aanze chumbani kwake, na dera lake. Watoto wakishakwenda skuli, mlango afunge. Mkeka wa ukili unatosha, ila juu ya vigae unateleza, mie nimeanguka, autandike juu ya zulia. Apige magoti na mikono chini, apindishe mgongo juu, auteremshe, mara 10. Akae kwa visigino na kuinamisha mwili mbele, atulie pumzi kumi. Asimame ashike ukuta, mguu mmoja, halafu wa pili, mizani ya mwili inapotea mtu akizeeka. Amalize kwa kulala chali. Jumla dakika 20.

OTHMAN: Kwa shahada.

RAHMA: Kwa shahada akitaka. Lakini asidhani amemaliza. Shirika la Afya linataka dakika 150 kwa wiki angalau za mwili kufanya kazi, na yoga ya polepole haitoshi kuuchosha moyo. Atembee. Sisi Zanzibar kila tarehe 1 Januari tunajaza barabara kwa Siku ya Mazoezi, ngoma, fulana mpya, viongozi mbele. Tarehe 2 waulize wako wapi.

OTHMAN: Mie nilikuwepo! Fulana ninayo.

RAHMA: Fulana naiona, naona na tumbo linavyoisukuma. Lete mkono. Egemea kiti, miguu chini, usikunje nne. Vuta kwa pua, hesabu nne. Toa, hesabu sita. Tena.

[Kimya. Pumzi zinasikika. Muadhini wa msikiti wa jirani anajaribu kipaza sauti. Mashine inanguruma.]

RAHMA: 139 kwa 87.

OTHMAN: Allahu akbar! Nimepona! Wasikilizaji mmesikia, kutoka 148!

RAHMA: Kaa chini. Ulipofika hapa ulikuwa umepanda ngazi ghorofa tatu, kahawa mkononi, unapiga kelele na simu. Presha inapimwa mtu amekaa dakika 5, na kahawa ameiacha nusu saa nzima. Ile ya kwanza niliipima ovyo makusudi, nikuone utakavyoshangilia.

OTHMAN: Sasa hii ya pili ni ya yoga au ya kiti?

RAHMA: Ya kiti sana, ya pumzi kidogo. Na 139 bado siipendi kwa umri wako. Jumatatu asubuhi njoo kliniki, usinywe kitu, tukupime mikono yote miwili.

OTHMAN: Jumatatu nina wageni wa Kendwa.

RAHMA: Wageni watasubiri. Zima hiyo mashine ya kurekodi, adhana inaingia.